Dawa Iliyoponya Panya

Jumatatu, 12 Februari 2024

Daktari Amandine ameniambia niandike kila siku jinsi mdogo wangu Umwiza anavyoendelea, kwa sababu, anasema, nyumbani kwetu kila mtu anakumbuka kile anachopenda kukumbuka. Hakukosea. Ukimuuliza Mama, atakuambia Umwiza aliponea kwenye chumba cha maombi. Ukimuuliza Umwiza mwenyewe, atakuambia hakuwahi kuumwa, alichoshwa tu na masomo ya mwaka wa sita. Mimi namkumbuka mwezi wa kumi alivyokuwa akipinda mdomo, akitetemeka mwili na kuzungumza na ukuta, na alivyoniuma mkono nilipotaka kumlisha. Nakumbuka pia watu wa maombi walivyomfungisha, bila chakula bila maji, ili pepo lichoke. Aliyechoka alikuwa Umwiza.

Daktari Amandine ndiye aliyesema si pepo. Ile kinga ya mwili inayopigana na magonjwa imegeuka, ikaanza kuupiga ubongo wa mwenyewe. Akampa kortizoni, dozi kubwa, na baada ya majuma machache Umwiza akaomba chai na kuuliza nani amevaa kikwembe chake. Tangu siku hiyo mimi na Mama tunamshukuru Mungu mmoja kwa sababu mbili tofauti.

Mimi nilisomea mifugo. Niliposikia kwamba Profesa Thaddée, mwenye maabara kule ufukoni mwa ziwa, amepata fedha za kujaribu majani ya wachungaji kwa panya wenye ugonjwa kama huu, nilimwendea kabla hajatangaza kazi. Nimekuwa msaidizi wake tangu mwezi jana. Sikumwambia kwamba nina mgonjwa nyumbani.

Alhamisi, 15 Februari

Leo tumewatia panya ugonjwa. Hakuna neno zuri la kazi hii. Tunachukua uti wa mgongo wa ng'ombe kutoka machinjioni, tunausaga na kuuchanganya na mafuta maalumu, tunawachoma sindano. Kinga yao inajifunza kuchukia uti huo, kisha inageukia wa kwao. Baada ya siku kadhaa mkia utalegea, kisha miguu ya nyuma itaburuzwa. Ni ugonjwa wa Umwiza, au binamu yake wa karibu.

Nusu ya panya watakunywa maji ya mubirizi, yale majani machungu ambayo kila nyumba ya watu wa milimani inayo nyuma ya jiko. Nusu nyingine watakunywa maji matupu. Profesa alimwambia muzee Ngabo, mtunzaji wa panya, awagawe katika rafu mbili: wa juu wapewe mubirizi, wa chini maji. Ngabo alikuwa na ng'ombe wengi kule juu kabla ya vita kumteremsha hapa Uvira. Sasa ana panya. Anawapigia mluzi kama ng'ombe wakati wa kuwapa chakula, na tukicheka, yeye hajali.

Jumatatu, 19 Februari

Mvua. Umwiza amekula mara nne na bado ana njaa. Hajatetemeka.

Jumanne, 27 Februari

Ugomvi juu ya kioo. Kortizoni imemvimbisha Umwiza uso, mashavu yamekuwa mviringo, chunusi zimejaa kwenye paji. Kwaya inajiandaa kwa Pasaka na yeye ndiye mwenye sauti ya kuongoza, lakini anakaa nyuma ya wenzake wanene ili asionekane.

"Dada, hii dawa yenu inanitia sura ya muntu wa pombe," aliniambia. "Vijana ba kwaya banauliza kama niko na mimba."

Nikamwambia uso utarudi. Daktari anapunguza vidonge polepole, kimoja baada ya kingine, hapo mbele vitaisha.

"Polepole ya miaka ngapi?"

Nikamwambia anywe maji mengi. Mimi nikikosa jibu huwa natoa ushauri wa maji.

Ijumaa, 1 Machi

Mkia wa kwanza umelegea. Rafu ya chini.

Jumatatu, 4 Machi

Rafu ya chini, sita wanaburuza miguu. Rafu ya juu wanakimbia. Profesa amekuja mara tatu kuangalia, mara ya mwisho bila viatu kwa sababu ziwa limeingia uani.

Jumamosi, 9 Machi

Nataka kuiandika siku hii vizuri.

Rafu ya chini, karibu wote wamelemaa, watatu wamekufa. Rafu ya juu, waliopewa mubirizi, wawili tu wana mkia mlegevu, na waliobaki wanapanda nyavu za vizimba kana kwamba hatukuwafanya lolote. Profesa Thaddée, mtu ambaye sijawahi kumwona akigusa mtu, alinishika mabega. Akasema hapa Uvira, penye umeme wa kubahatisha na maji mlangoni, tumeona kitu. Muzee Ngabo alikuwa akitabasamu pembeni kama mwenye shamba.

Nilipanda pikipiki hadi nyumbani Kavimvira mvua ikinipiga, na sikuhisi baridi. Nilimkuta Mama jikoni anachambua samaki wadogo, ndagala. Nikamwambia yote, hata kabla ya kuvua viatu.

"Mubirizi?" akauliza. "Huu wetu wa hapa nyuma?"

"Huu huu, Mama."

"Na panya zenye zilikuwa na bugonjwa bwa Umwiza zinakimbia?"

"Zinakimbia."

Mama aliweka chini ungo wa ndagala, akafunika uso kwa kikwembe. Mama yangu Nyiramana alimzika Baba bila chozi mbele za watu, na leo alilia juu ya panya. Umwiza alitoka chumbani akasimama mlangoni kutusikiliza. Nilisema pia kwamba ni jaribio la kwanza, kwamba mtu si panya, kwamba vidonge visiachwe, kwamba miaka itapita. Nilisema kweli. Lakini nilikuwa nacheka wakati ninasema, na nani husikiliza maonyo ya mtu anayecheka?

Jumapili, 10 Machi

Kanisani Mama ametoa ushuhuda wa mubirizi. Nimeinamisha kichwa.

Jumamosi, 16 Machi

Profesa amezungumza redioni. Alianza vizuri, akasema panya, akasema hatua ya kwanza. Kisha mtangazaji akamuuliza kama wazee wetu walikuwa na akili kuliko madawa ya wazungu, naye akaanguka mzimamzima ndani ya swali hilo. Alipomaliza, mubirizi ulikuwa umeshaponya ubongo wa bara zima.

Jioni Consolate, jirani yetu, alikuja na binti yake Gikundiro mwenye kifafa. Ana miaka sita, mtoto mtulivu, anameza vidonge asubuhi na jioni. Consolate alimuuliza Mama jinsi ya kuchemsha majani. Nilidakia kwamba kifafa ni kitu kingine na asiguse vidonge. Mama alinitazama kama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa, na kusema kweli kwake mimi ndiye huyo.

Jumatano, 20 Machi

Uso wa Umwiza umeanza kupungua. Nimefurahi. Daktari alisema itakuwa hivyo dozi ikishuka. Ameongoza mazoezi ya kwaya kwa saa nzima akiwa mstari wa mbele.

Jumatatu, 25 Machi

Wamefika panya wapya kutoka Bujumbura kwa ajili ya jaribio la pili. Barabara ya mpakani imejaa maji, wamekuja kwenye masanduku kichwani mwa mchukuzi. Nilikuwa nikiosha chupa, nikamwona muzee Ngabo akiwagawa. Anamwinua mmoja kwa mkia, anamtazama, anampima kwa kiganja. Mkubwa, rafu ya juu. Mdogo, rafu ya chini. Mkubwa, juu. Mwenye jicho lenye machozi, chini.

"Muzee, juu ya nini unabagawa hivi?"

Hakuelewa swali. Kwake ilikuwa kama kuuliza kwa nini chungu huwekwa na mdomo juu.

"Badogo banapokonywaka chakula na bakubwa," akasema. "Hata kule milimani, ndama zenye ziko zaifu tunazitengaka, zikunywe polepole bila kusukumwa. Zenye nguvu zinakaa kwabo. Ukizichanganya, zaifu zinakufa."

"Na zile za kwanza? Za mwezi wa pili?"

"Ile ile. Profesa alisema nigawe. Minye niligawa vile tunagawaka."

Nilikaa juu ya ndoo. Wenye nguvu walikuwa juu, na wa juu ndio waliokunywa mubirizi. Wadhaifu walikuwa chini, wakanywa maji. Tuliwapa ugonjwa mmoja wanyonge na mabingwa, halafu tukashangaa mabingwa wanapanda nyavu. Kama tungewapa maji ya ziwa, wangepanda vilevile.

Sikumkasirikia Ngabo. Alifanya kwa huruma, na kwa ustadi wa watu wake. Sisi tuliosoma ndio tulipaswa kupiga kura, panya mmoja baada ya mwingine, bahati iamue nani aende wapi. Ni somo la mwaka wa kwanza. Profesa alisema "gawa" akaondoka, na mimi nilisimama hapo hapo na daftari mkononi.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwambia Profesa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Nilifikiri atamfukuza Ngabo. Ningependelea hivyo kuliko alichofanya, maana hakufanya kitu.

"Niyigena, tutarudia," akasema. "Tutapiga kura, tutafanya vile unataka. Lakini kwa redio sirudi. Bale benye kutusaidia banakuya mwezi wa tano. Ukibaambia ati tulikosea kugawa panya, banafunga mulango, na siye bote tunarudi nyumbani."

"Profesa, kuna bantu banakunywa ile kitu."

"Mubirizi haijaua muntu. Bibi zetu balikunywa."

"Shida si kunywa. Shida ni dawa zenye banaacha."

Akaniambia kwamba watu wazima wana akili zao. Kisha akaanza kunisifu, kazi yangu, macho yangu makali, siku moja nitakuwa daktari wa panya Ulaya. Ndiyo kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alhamisi, 28 Machi

Nimesema nyumbani. Nilisubiri Mama amalize kusali, nikaeleza panya wenye nguvu na panya wadhaifu, rafu ya juu na rafu ya chini. Nilieleza kwa ndama ili aelewe, maana Mama alichunga kabla ya kuolewa. Alielewa vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma, alielewa na hakukubali.

"Weye mwenyewe ulikuya hapa unachekelea," akasema. "Ukasema zinakimbia. Leo unasema si dawa. Nitaamini Niyigena wa gani?"

"Zilikimbia sababu zilikuwa na nguvu tangu mbele, Mama."

"Na Umwiza? Si naye iko anakimbia? Naye ulimuweka kwa rafu ya juu?"

Umwiza alikuwa akipiga pasi kikwembe cha kwaya. Hakuinua kichwa. Nikamuuliza mbele ya Mama, "Vidonge unakunywa?" Akasema anakunywa. Nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimechoka kupigana na wawili kwa wakati mmoja.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Umwiza ameimba. Kanisa lote limesimama. Ana uso wake wa zamani.

Jumatatu, 8 Aprili

Ziwa limefika kizingiti cha mlango wa maabara. Tumepandisha vizimba juu ya meza. Kule mtaa wa Kilibula watu wanatoa magodoro kwa mtumbwi, na kiboko mmoja amelala kwenye uwanja wa shule kama mwalimu mkuu. Safari hii niliwagawa panya mwenyewe, mwisho wa mwezi jana kabla ya sindano, kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia ya Ngabo. Yeye alikuwa akisikitika kila mdogo alipoangukia kizimba cha wakubwa. "Huyu atakufa," ananiambia. Nikamwambia ndicho tunachotaka kujua.

Jumatatu, 15 Aprili

Matokeo. Wa mubirizi wanaburuza miguu. Wa maji matupu wanaburuza miguu. Ukiondoa alama kwenye vizimba, hakuna awezaye kujua nani alikunywa nini.

Nilimpelekea Profesa. Akasema labda majani ya msimu wa mvua yana maji mengi, yamepungua nguvu. Nikamuuliza kama atasema hivyo redioni. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 17 Aprili

Nimerudi nyumbani mapema kwa sababu maabara haina umeme wala sakafu kavu. Umwiza alikuwa akikatakata majani ya sombe, akawa anarudia neno moja. "Kisu, kisu, kisu." Nilifikiri anaimba. Kisha nikaona kona ya mdomo wake inavuta, upande wa kulia, kama mtu anayetaka kumtabasamia mtu asiyempenda.

Niliingia chumbani kwake. Nilipekua mkoba, kabati, chini ya godoro. Hakuna vidonge hata kimoja. Na mimi, mfanyakazi wa maabara, sikujiuliza kwa nini mwezi mzima hakuna aliyenituma kununua vingine.

"Uliacha lini?"

Alikaa kitandani. "Ile siku ulikuya ukasema panya zinakimbia."

"Umwiza, nilisema usiache."

"Ulisema. Lakini, dada, ulikuwa na sura ya muntu mwenye amepona." Akaninyooshea kidole shavuni. "Minye pia nilitaka kuwa na ile sura. Nilibitupa mu ziwa. Nikasema, kama panya tu inapona."

Mama alikuwa mlangoni. Nilimuuliza kama alijua. Alisema alikuwa anamchemshia mubirizi kila asubuhi, na kwamba mtoto alikuwa mzima, anaimba, anakula kama watu, ningetaka nini zaidi? Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele tangu nizaliwe. Nilimwambia mwili uliozoea kortizoni ukiikata ghafla unabaki bila mlinzi, na ule ugonjwa ulikuwa umelala tu, haukuondoka. Umwiza aliziba masikio.

Nilikwenda duka la dawa la kwanza, limejaa maji. La pili limefungwa. La tatu nilipata vidonge, nikarudi, akameza mbele yangu. Daktari Amandine kwa simu alisema nimlete hospitali kesho asubuhi, asiachwe peke yake. Leo nitalala naye.

Ijumaa, 19 Aprili

Hospitali. Jana hatukuvuka. Mto ulikata njia na pikipiki zote zilikataa, na Mama alisema tungoje mvua ipungue, na tukangoja. Leo alfajiri Umwiza alianza kutetemeka mbele ya nyumba. Siyo kutetemeka kwa baridi. Mwili wote uligongagonga kwenye matope, macho yakageuka juu, akatulia, akaanza tena. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba, mimi, Mama, mume wa Consolate, na muzee Ngabo aliyetokea sijui wapi akiwa amevua suruali na kuikunja shingoni ili avuke maji. Maji yalifika kifuani. Ngabo alikuwa mbele na alipiga mluzi njia nzima, ule mluzi wake wa ng'ombe, ili wa nyuma tujue wapi pa kukanyaga.

Daktari Amandine amempa kortizoni kwa mshipa na dawa ya kuzuia degedege. Hakuniuliza maswali. Alisoma kurasa zangu za shajara, akarudi nyuma hadi tarehe 20 Machi nilipoandika kwamba uso umepungua, akanirudishia.

Jumapili, 21 Aprili

Anafumbua macho. Hanijui.

Jumanne, 23 Aprili

Degedege mara nyingi. Mama anaimba wimbo wa Pasaka polepole kwenye sikio lake. Watu wa maombi wamekuja, nimewazuia mlangoni, Mama hakunipinga.

Alhamisi, 25 Aprili

Asubuhi alisema "dada". Labda aliniita, labda alikuwa anamwita muuguzi. Nimeamua aliniita mimi.

Jumatatu, 29 Aprili

Umwiza amefariki leo.

Jumatano, 1 Mei

Tumemzika mlimani kidogo, mahali ambapo ziwa haliwezi kufika. Kwaya iliimba bila kiongozi.

Kilio kimejaa uani. Profesa Thaddée alikuja na bahasha na maneno mazuri. Alisema hakujua nilikuwa na mgonjwa, kwamba ningemwambia. Hilo ni kweli, sikumwambia, nami nitaishi nalo. Lakini nilimuuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba, kama angejua angerudi redioni. Alitazama viatu vyake vilivyojaa tope. Baadaye akasema, "Nisingejua la kusema." Nadhani ndilo neno la kweli pekee alilowahi kunipa, na halikunisaidia kitu. Muzee Ngabo yeye alikaa chini na wanaume, hakula. Kuna mtu amemwambia kwamba panya waligawanywa vibaya, tena kwa mikono yake. Sijui ni nani, na nikimjua nitamtukana.

Kisha, wageni walipopungua, Mama aliniita. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake, Consolate pembeni yake, na Gikundiro amelala mapajani mwa mama yake. Kando ya Consolate kulikuwa na kifurushi cha majani ya mubirizi, mabichi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Ameyachuma kwetu, nyuma ya jiko. Alikuwa amekuja kuzika na alikuwa amekuja kuchuma, kwa safari moja. Simlaumu. Mfa maji hukamata maji.

"Niyigena," Mama akasema. "Niambie mbele ya hawa. Zile panya, zilipona ama hazikupona?"

Nilijua anachouliza. Kama zilipona, basi Umwiza alichukuliwa na Mungu kwa saa yake, na majani ya Mama yalikuwa majani ya mzazi aliyefanya awezalo. Kama hazikupona, basi ni kitu kingine, na Mama ataamka nacho kila asubuhi mpaka naye tumzike. Alikuwa ananiomba neno moja. Mwezi wa tatu nilimpa neno hilo bure, nikicheka, bila hata kuvua viatu. Leo ningempa hata kwa damu yangu. Nilifungua mdomo nikiwa nimeshaamua kusema zilipona.

Gikundiro akageuka usingizini, na Consolate akaninyanyulia uso. Alikuwa anangoja jibu kuliko Mama.

"Hazikupona, Mama," nikasema. "Zilikuwa zenye nguvu tangu mbele. Mubirizi haikufanya kitu. Tulifanya tena, zikalemaa zote."

Hakuna aliyelia. Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda mahali na anataka kuikumbuka.

"Basi ni minye," akasema.

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia ni mimi, ni Profesa, ni redio, ni mto uliokata njia, na kila moja lingekuwa kweli. Lakini nilimwona Consolate bado ana mkono juu ya yale majani, na nikajua kwamba nikianza kumfariji Mama, Consolate atasikia faraja hiyo tu na kuibeba nyumbani pamoja na kifurushi chake. Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka Consolate alipoondoa mkono.

Jumanne, 7 Mei

Nimeacha kazi. Nilipita asubuhi kumuaga muzee Ngabo. Amewatoa panya waliobaki kwenye rafu, wadogo kwa wakubwa pamoja, anawalisha mmoja mmoja mkononi. Inamchukua siku nzima.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua imepungua, ziwa bado. Mama hasemi nami. Ananipakulia, ananifulia, ananifungulia mlango, lakini jina langu halijatoka mdomoni mwake tangu siku ya kilio. Nimemuuliza mara moja kama amenisamehe, akainuka akaenda kuchota maji.

Leo jioni Consolate amepita na Gikundiro, wamesimama kwenye ua. Mtoto alikuwa na kidonge chake kiganjani, akaomba maji. Mama ndiye aliyekuwa karibu na mtungi. Alijaza kikombe, akampa, akamtazama mtoto mpaka alipomeza. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, na mimi nikabaki nje nimeshika kikombe alichonirudishia mtoto.